Nyasi Juu ya Sakafu Nyekundu

Sisi tuliozaliwa kabla simu hazijajua kupiga picha, na tukalelewa na milima ya Ngara, hatuhitaji kuulizana "ile nyumba" ni nyumba ipi. Ni ile iliyokaa kilimani peke yake kama kuku anayelalia mayai, yenye dohani mbili, na baraza ndefu ambayo ukianza kuitembea asubuhi unaimaliza jioni ukiwa na njaa. Mwalimu wangu wa masomo ya jioni, kule nilikomalizia kidato cha nne nikiwa tayari na wajukuu wawili, aliniandikia kwa wino mwekundu: "Punguza chumvi." Nimepunguza. Baraza ile ilikuwa ndefu sana.

Mwingereza ndiye aliyeijenga, ili akae juu na sisi tukae chini, aweze kuona nani analima na nani amelala. Wazee waliiita "kwa Bwana Shauri", jina walilompa mkubwa huyo wa wilaya. Uhuru ulipokuja akaingia Mkuu wa Wilaya, Mwafrika mwenzetu, lakini nyumba yenyewe haikuambiwa kwamba kumekuwa na uhuru. Ilibaki na desturi zake. Mlango wa mbele ulikuwa wa wakubwa. Watumishi, wake za watumishi, watoto wa watumishi, na kila aliyebeba kikapu, walizunguka kushoto, wakapita kwenye mti wa mparachichi na kuingilia jikoni. Hakuna aliyeandika sheria hiyo popote. Iliandikwa kwenye miguu yetu.

Mwenye kuilinda sheria hiyo alikuwa Mzee Feruzi, mpishi. Alisema amewapikia Wazungu saba. Wengine walisema watatu, lakini yeye alihesabu na mbwa wao. Serikali ilikuwa imetangaza sisi sote ni ndugu, na Mkuu wa Wilaya mwenyewe alimwambia mara nyingi, "Mzee, niite Ndugu." Mzee Feruzi alikuwa akiitikia, "Ndiyo, Bwana."

Mimi nilikuwa mtoto wa mama mfanya usafi. Baba yangu alikwenda Uganda kuvuna miwa, na inaelekea Uganda ilimnogea. Mama akatoka kijijini kwetu Kanazi na mimi mgongoni, akapata kazi pale kilimani: kufua, kupiga pasi, na juu ya yote, kuing'arisha sakafu ya sebule. Tulipewa chumba kimoja nyuma ya nyumba kubwa, na kutoka chumba hicho mimi nilikuwa nateremka kwenda shule nikiwa na kifutio changu mwenyewe, jambo ambalo wenzangu wengi hawakuwa nalo.

Sakafu ile, jamani! Ilikuwa saruji nyekundu iliyonyweshwa nta mpaka ikashiba. Mama alipaka nta ya kopo kwa kitambaa, akapiga magoti, akasugua kwa kumbi la nazi lililoletwa kutoka pwani. Nazi yenyewe sikuwahi kuiona. Nilikua nikijua kwamba nazi ni mti wa kusugulia sakafu, na siku nilipoambiwa watu wanaipikia wali nilitaka kutapika. Alipomaliza, ungeweza kujiona ndani ya sakafu mpaka meno. Mzee Feruzi alikuwa akisema hata nzi akitua pale anateleza.

Na kuteleza sisi tulikujua. Watoto wa siku hizi wanateleza kwa kidole kwenye kioo cha simu, wanaona wamecheza. Sisi tulichukua gamba la mgomba, tukakaa watatu watatu, tukaachia kutoka mgongo wa kilima mpaka bondeni, nyasi zikilala mbele yetu, macho yakitoka maji, na aliyekuwa mbele ndiye aliyepokea mti kwa niaba ya wote. Konsolata, rafiki yangu, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Burundi, alipoteza meno mawili kwa mchezo huo na akapanda tena siku hiyo hiyo. Nayasema haya mapema ili mjue kwamba katika wilaya nzima hapakuwa na mtu aliyeelewa nyasi na utelezi kuliko mimi. Nisije nikajitetea baadaye.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa darasa la nne. Mama alikuwa amekwishapatwa na balaa. Kulikuwa na kitambaa cha meza cheupe, chenye maua ya kudariziwa, kilichoachwa na mke wa Mzungu wa mwisho. Akikipiga pasi ya mkaa, cheche ikaruka, ikatoboa tundu pana kama kisoda. Mzee Feruzi alilifunika kwa chombo cha maua, lakini Mkuu wa Wilaya akakisogeza. Hakupiga kelele. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mgeni kwetu, na upole wake ndio uliotutisha. Alimwita Mama akamwambia:

"Kosa la kwanza nimeliona mimi. La pili utaliona wewe, ukiwa barabarani na mzigo wako."

Mama aliporudi chumbani alikaa kitandani, mikono juu ya magoti. Kurudi Kanazi kulikuwa na maana moja. Shamba alikuwa nalo baba mkubwa, na baba mkubwa alikuwa na msimamo wake kwamba msichana akishaweza kuandika jina lake, elimu imemtosha. Jina langu nilikuwa naliandika vizuri sana. Usiku ule nilitamani nisingelijua.

Wiki haikuisha, ikaja habari: Mkuu wa Mkoa anakuja kutoka Bukoba, atakula chakula cha mchana kilimani. Mkoa wakati huo ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi, na Bukoba kwetu ilikuwa mbali kama mbinguni, tena mbinguni kulikuwa na barabara nzuri zaidi. Mji ulifagiliwa. Mawe ya kando ya njia yalipakwa chokaa. Watoto wa shule walipangwa barabarani kuimba, isipokuwa mimi na Konsolata, tuliokuwa na kazi ya kufukuza kuku wasiingie barazani.

Mama alianza sakafu alfajiri. Saa nne alikuwa amemaliza, magoti yamemwiva. Akasimama mlangoni, akaiangalia, akaniambia, "Adela, hata pumzi yako isiguse hapa." Kisha akaenda kupiga pasi vitambaa vya mikono, kimoja kimoja, akipuliza mkaa mbali na nguo kama mtu anayebembeleza nyoka.

Nikabaki naitazama sebule. Ndipo wazo likanijia, na hadi leo sijui lilitoka wapi likiwa limevaa vizuri namna ile. Kwa bibi yangu Kanazi, mgeni wa heshima hakukanyaga sakafu tupu. Nyumba ilitandikwa nyasi mbichi, laini, kuanzia mlangoni hadi anapokaa, na harufu yake ndiyo ilikuwa salamu ya kwanza. Sakafu tupu ilikuwa ya siku za kawaida, au ya mgeni ambaye hukumtaka. Na hapa anakuja mtu mkubwa kuliko wote niliowahi kusikia, na sebule iko uchi! Nikaona kabisa jinsi atakavyonuna, na jinsi Mama atakavyoulizwa. Hilo ndilo kosa la pili, nikajiambia, na Mama halioni.

"Konso," nikamwambia mwenzangu, "nyumba haijatandikwa."

Konsolata akachungulia. "Ee! Hata kwetu, pamoja na ukimbizi wetu, tunatandika."

"Tukate?"

"Mundu uko wapi?"

Tulikata nyasi kama watu wanaofukuzwa. Kuku waliingia barazani, wakatoka, wakarudi na ndugu zao. Nyasi zile zina makali, zilinichanja viganja, sikusikia. Tulibeba vifurushi sita, tukaingia nyuma kupitia jikoni, kwa miguu mitupu, Mzee Feruzi akiwa ameinamia tanuri lake, na tukatandaza sebule nzima: chini ya meza, kando ya kabati, mpaka kizingiti cha mlango wa mbele. Kilipendeza! Chumba kilinukia mvua. Konsolata alirudi nyuma akasema, "Sasa hapa hata Yesu angekaa."

Aliyefika alikuwa Mzee Feruzi, na sahani kumi mkononi.

Alivaa viatu vyeusi vya kazi. Alipiga hatua moja juu ya nyasi, na nyasi, zilizolala juu ya nta ya alfajiri, zikaondoka naye. Sahani hakuziachia. Nasema kweli mbele yenu: alikwenda kwa goti moja mpaka kwenye kabati, akajigonga, akabaki amezishikilia zote kumi juu ya kichwa kama mtu anayesalimu amri. Kisha akatugeukia. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Mmeua mtu," alisema taratibu. "Mmemuua mama yenu."

Hapo ndipo akili yangu iliporudi. Nikakumbuka kilima, nikakumbuka gamba la mgomba, nikakumbuka meno ya Konsolata. Nikaanza kukusanya nyasi kwa mikono, lakini za chini zilikuwa zimekwishaganda kwenye nta, na kila nilipovuta ziliacha michirizi ya kijani na udongo. Ilikuwa mbaya zaidi. Mzee Feruzi akasema, "Acha! Acha! Unaichubua!" Na wakati huo huo tukasikia, kutoka chini, upande wa Nyamiaga, watoto wa shule wanaanza kuimba.

Kutoka barazani uliona kila kitu, ndivyo Mwingereza alivyotaka. Vumbi lilikuwa kwenye kona ya kwanza. Landrova mbili. Mzee Feruzi akakimbia kumwita Mama. Vumbi likafika kona ya pili. Mama akaja, kitambaa cha mkono kimoja bado mkononi, akasimama kwenye mlango wa ndani unaotoka jikoni, akaangalia sakafu aliyoipigia magoti tangu alfajiri.

Nilingoja kofi. Ningelipokea kwa shukrani. Alisema tu, "Simama nyuma yangu."

"Mama, mimi nilitaka..."

"Nyuma yangu, nimesema."

Landrova zikapiga breki. Milango ikagongwa. Tukasikia sauti ya Mkuu wa Wilaya akikaribisha, ile sauti ya mtu anayetembea kinyumenyume mbele ya mkubwa wake: "Karibu, Ndugu Mkuu wa Mkoa, karibu sana, nyumba yako hii, karibu..."

Na aliingia hivyo hivyo, kinyumenyume.

Kisigino chake kilipogusa nyasi, mguu ukaendelea na safari bila yeye. Mikono ikapaa. Aliketi chini kwa kishindo kilichotikisa vikombe, kisha akateleza akiwa ameketi, wima, mwenye heshima zake zote, akapita meza, akapita kabati, akasimamishwa na ukuta chini ya picha ya Rais. Kwenye masomo ya jioni walinifundisha kwamba kitu kikianza kwenda huendelea kwenda mpaka kizuiwe. Nilinyoosha mkono nikasema hilo nimeliona kwa macho.

Hakuna aliyecheka. Ndiyo maana nasema ilikuwa siku ya kutisha. Watu wazima kumi na zaidi wamejaa mlangoni, na huwezi kusikia hata mmoja akimeza mate. Mkuu wa Wilaya akainuka polepole akishika ukuta. Alikuwa na jani kwenye nywele.

"Nani amefanya hivi?"

Mzee Feruzi akaangalia sahani zake. Mimi nikafungua mdomo, na mkono wa Mama ukaja nyuma ukanibana bega mpaka mfupa. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya miaka yote ile: alitoka kwenye mlango wa jikoni, akaingia sebuleni kukiwa na wageni. Alivua kandambili zake kwanza, akazishika mkononi. Akatembea juu ya zile nyasi kwa miguu mitupu, hakuteleza hata chembe, akasimama katikati.

"Ni mimi."

Mkuu wa Wilaya akapumua kupitia puani. "Nilikuambia nini wiki iliyopita?"

"Uliniambia."

Mgeni wa Bukoba alikuwa bado kwenye kizingiti. Alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye fimbo. Akainua mkono kumnyamazisha mwenyeji wake, akamwangalia Mama.

"Mama, unatoka wapi?"

"Kanazi. Shikamoo."

"Marahaba. Huko Kanazi mgeni anatandikiwa nyasi?"

"Akiwa mgeni tuliyemsubiri."

"Na anazikanyaga na viatu?"

Wenzangu, hapo ndipo palipokuwa na kisu. Akisema ndiyo, basi amewategea wakubwa mtego. Akisema hapana, basi anamwambia Mkuu wa Mkoa, mbele ya watu wake, kwamba hana adabu. Nilimwona Mama amebana zile kandambili kifuani.

"Hapana," alisema. "Anavua."

Nje mtoto mmoja wa shule alikuwa bado anaimba, hakuambiwa wimbo umekwisha.

Mgeni akaangalia viatu vyake. Akageuka, nikajua anaondoka, na sisi tunaondoka, na jina langu ninaliandika vizuri na limetosha. Kumbe alikuwa anatafuta pa kukaa. Akaketi kwenye ngazi ya baraza, mlima wa mtu, akalaza fimbo kando, akaanza kufungua kamba.

"Mama yangu angenichapa," aliwaambia waliomzunguka, "kwa kuuliza swali lile."

Basi ilikuwa kazi! Mkubwa akivua, nani atabaki amevaa? Wakaketi kwenye ngazi ile kama wanafunzi wa chekechea, makatibu na makamanda, wakivuta viatu. Siri za serikali zilitoka nje siku ile: soksi za rangi mbili, soksi zenye kisigino kilichohama, soksi iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Wa mwisho alikuwa Mkuu wa Wilaya. Alisita sana. Alipovua kiatu cha kulia, kidole gumba chake chote kilikuwa nje, kinatusalimia. Mgeni alikiona. Akaanza kutikisika tumbo, kisha mabega, kisha akapasuka kwa kicheko, na hapo ndipo watu wote waliokuwa wamebana pumzi wakaziachia. Hata mwenye kidole alicheka, ingawa alikirudisha ndani haraka.

Walikula wakiwa wameketi kwenye nyasi. Viti vya Mzungu vilisimama ukutani kama vibarua waliokosa kazi. Mzee Feruzi alipakua kwa miguu mitupu, na alikuwa na miguu midogo kama ya mtoto, hatukuwahi kujua.

Lakini kicheko cha wakubwa huondoka na magari yao. Vumbi lilipoteremka kona ya mwisho, Mama akaitwa barazani. Mimi nilijificha kwenye mparachichi, nikiwa nimekwishaanza kufungasha moyoni: sufuria, blanketi, kifutio. Mkuu wa Wilaya alikuwa amesimama na soksi zake mkononi. Alizikunja, akazikunjua, mpaka nikahesabu maparachichi yote.

"Siku nyingine ukitaka kutandika," alisema, "niambie asubuhi. Nivae soksi nzima."

Akaingia ndani. Ndivyo ilivyokwisha.

Mama alirudi chumbani, akamimina maji ya vuguvugu kwenye bakuli, akatia chumvi, akanishika mikono akaitumbukiza. Nililia, maana viganja vilikuwa vimechanika vibaya. Alikuwa anajua tangu aliponiona. Hakuniuliza kwa nini. Hakuniambia amenisamehe. Sisi hatukulelewa kwa maneno hayo. Watoto wa sasa ukiwakanya wanataka mkae mzungumze hisia. Yeye alinisugua vidole kimoja kimoja, akasema kwa hasira ya kweli:

"Nyasi za mgeni zinalazwa upande mmoja, vichwa ndani. Wewe umezimwaga kama mtu anayeanika maharage. Aibu gani hii umenitia?"

Tulikaa pale kilimani mpaka nikamaliza darasa la saba. Kila mgeni wa Bukoba alipokuja, aliyekata nyasi ni mimi, na aliyezilaza ni Mama, juu ya sakafu isiyopakwa nta siku hiyo.

Siku hizi ile nyumba imekuwa ofisi na kumbi za semina. Sakafu nyekundu imefunikwa marumaru nyeupe zinazong'aa bila mtu kupiga magoti. Dohani moja imeanguka. Vijana wanapanda kilima kupiga picha wakiwa wameegemea nguzo, wanabinua midomo, wanateremka bila kujua nani alikaa pale na nani alizunguka nyuma. Mjukuu wangu, Krismasi iliyopita, nilipotandika nyasi sebuleni kwangu, aliniuliza, "Bibi, mbuzi analetwa lini?" Sikumpiga. Nilimpa mundu.

Mwaka huu vikundi vya akina mama vilialikwa semina kule juu, na mimi nikampeleka Mama. Ni mzee sana sasa, fimbo mkononi, macho yamepungua, lakini kilima alikitambua kwa magoti. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, watu wanapita na viatu vya kila aina. Niligeuka kumshika mkono nikakuta hayupo. Alikuwa amekwishakata kushoto, anaelekea ulipokuwa mparachichi, anatafuta mlango wa jikoni.

"Mama! Ni huku."

Akasimama. Akarudi polepole mpaka kwenye kizingiti ambacho hakuwahi kukivuka maisha yake yote. Akainama, akavua kandambili, akazishika mkononi. Askari wa mlangoni, kijana mdogo, akacheka kwa upole: "Shikamoo bibi. Ingia tu na viatu, hapa hatuvui."

Mama aliitikia, "Marahaba." Akanyoosha mguu, akapapasa marumaru kwa vidole, huku na huku, kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka. Ilikuwa baridi na tupu mpaka ukutani.

"Hawakutusubiri," aliniambia.

Akavaa kandambili zake, akaingia nazo.